Mama, Mimi na Tiketi Nne

Kaunta ilikuwa imezimwa taa. Nembo ya shirika bado ilikuwa ukutani, mizani ya mizigo ipo, hata kalamu iliyofungwa kwa uzi ipo, ila watu hakuna. Karatasi moja ilibandikwa kwa selotepu: safari zote zimesitishwa kuanzia usiku wa manane, abiria msije uwanjani. Sisi tulikuwa tumeshakuja. Tulikuwa tumeshuka kwenye ndege baada ya saa tisa za kukaa angani, mimi na mama yangu mwenye magoti mabovu, tumebakiza kipande cha saa moja na nusu tufike kwenye mahafali ya mdogo wangu. Mama akaisoma karatasi, akaisoma tena, akaniuliza kwa ule upole anaoutumia akiwa anajua jibu: "Hawa wenzetu wamekwenda wapi?"

Nirudi nyuma kidogo, maana kosa halikuanzia pale.

Nilianza kufuatilia nauli wiki sita kabla. Kila nikifungua simu, imepanda. Watu wakaniambia ni mtambo unaniwinda: unakumbuka nilitafuta jana, leo unanipandishia makusudi. Basi nikawa nafuta kumbukumbu za simu kila usiku, nikaazima na simu ya jirani, kama mtu mwenye siri chafu. Bei ikabaki ileile. Aliyenitoa ujinga ni binti mmoja anayefanya kazi kwa wakala wa tiketi. Aliniambia viti vya daraja la kawaida havina bei moja. Vimegawanywa mafungu, kila fungu na herufi yake na idadi yake ya viti. Fungu la chini likiisha, unauziwa la juu yake. Ndiyo maana watu wawili wanakaa bega kwa bega, wanapewa maji yaleyale, na mmoja kalipa mara mbili ya mwenzake. Yaani wakati mimi nahangaika kufuta kumbukumbu, wenzangu walikuwa wananunua.

Akaniongezea mbinu. Ukiomba viti viwili kwa pamoja na fungu la chini limebakiwa na kiti kimoja tu, mara nyingi mtambo huwapandisha wote wawili kwenye fungu la juu. Omba kimoja kimoja. Nikafanya hivyo. Mama akapata kile cha mwisho cha bei ya chini, mimi nikalipa zaidi kidogo, nikajiona mjanja kweli. Namba za uhifadhi zikatoka mbili tofauti. Sikulitilia maanani, na mtaona lilikonifikisha.

Tiketi ya safari ndefu ilipokuja niliisoma mstari kwa mstari. Nauli yenyewe ilikuwa ndogo. Kilichovimba ni mstari wenye herufi YQ, tozo ambayo shirika la ndege hujiwekea lenyewe na ambayo wengi tumezoea kuiita tozo ya mafuta. Mafuta kweli ni mzigo: Julai 2008 pipa lilivuka dola 147, na kufikia Desemba mwaka uleule lilikuwa chini ya 40. Biashara gani inapanga bei kwa utulivu hapo? Lakini si kodi ya serikali ile, ingawa imekaa safu moja na kodi za viwanja kana kwamba ni ndugu zao.

Ili kufidia, kipande cha mwisho nikakikata kwa shirika dogo la bei poa, tiketi za peke yake. Yangu nililipa kwa kadi ya benki. Ya mama nililipa kwa kuhamisha fedha moja kwa moja, kwa sababu hapo palikuwa na punguzo. Jumla tiketi nne kwa watu wawili.

Sasa turudi mbele ya kaunta yenye giza. Nilimkalisha mama, nikaenda kwenye dawati la shirika kubwa lililotuleta. Dada wa pale aliangalia tiketi, akanirudishia. "Kaka, safari yako kwetu imeishia hapa." Nilitaka kubisha, ila alikuwa na haki. Kama safari nzima ingekuwa kwenye tiketi moja, kazi ya kututafutia njia nyingine ingekuwa yao. Nilizigawa mwenyewe. Yeye alitimiza ahadi yake hadi mlangoni, wa pili ndiye aliyekufa na yake mkononi.

Nilipokuwa namtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti, mzee mmoja kwenye benchi akageuka kusikia Kiswahili. Nikamwamkia shikamoo. Fundi wa injini za ndege, mstaafu, naye alikuwa na tiketi ya shirika lilelile, ila alikuwa ametulia kama aliyeyazoea. "Mwanangu, hawa walikuwa wagonjwa muda mrefu," akasema. Akanihesabia dalili: ndege walizokodi zimeanza kurudishwa kwa wenyewe, ratiba inapunguzwa kimyakimya, halafu ghafla kunatokea nauli za kutupa za safari ya miezi sita ijayo. Tiketi ya mbele ni fedha taslimu ya leo, ndiyo wanayolipia mafuta ya jana. Kampuni zinazopitisha malipo ya kadi zikishtuka, zinazuia fedha hizo hadi abiria awe amesafiri, na hapo pumzi inakatika. Aprili 2008 Frontier ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu hiyohiyo, na ikaendelea kuruka kwa sababu sheria ya kule inampa mdaiwa nafasi ya kujipanga. Swissair, shirika la Uswisi, Oktoba 2001, ndege zilibaki chini kwa kukosa fedha mkononi za kulipia mafuta.

Nikamuuliza, sasa mbona nauli zinapanda kila siku, wanazipeleka wapi? Akacheka. Baadaye nilikuja kuona IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, ikikadiria faida ya mwaka 2025 kuwa takriban dola 7 kwa kila abiria. Saba! Mkataba mmoja wa kukodi ndege ukipanda, au injini zikikwama karakana, imekwisha. Tangu 2023 injini nyingi za Pratt & Whitney zimelazimika kuvuliwa mapema kukaguliwa, baada ya kugundulika kasoro katika unga wa metali uliotengenezea baadhi ya vipuri vyake. Ndege nzima, na mkopo wake, imeegeshwa inasubiri zamu. Zilizobaki ni chache, viti vichache, na sisi tunavigombania.

Ni mzee huyohuyo aliyenifumbua macho kuhusu nauli za uokozi. Shirika likianguka, mara nyingi wapinzani wake hutoa viti kwa bei nafuu kwa waliokwama, kwa siku chache, ukionyesha tiketi iliyokufa. Mara nyingine havitangazwi kwa sauti, bora uulize. Tulizunguka naye kaunta tatu, mama kwenye kiti cha magurudumu tulichoazimiwa, na ya tatu wakakubali. Ndege ya jioni. Mahafali yalikuwa kesho yake asubuhi. Tulifika mama akiwa na kitenge kilichokunjamana, mdogo wangu akalia, basi, hilo lilikwenda salama na sina zaidi la kusema.

Fedha za tiketi zilizokufa ni hadithi nyingine. Nilizolipa kwa kadi zilirudi: benki ilipinga malipo kwa niaba yangu, ikachukua wiki saba. Za mama, zile za punguzo, nimeandikishwa kwa mfilisi kama mdai, nyuma ya benki. Bima ya safari niliyokuwa nayo ilifunika ugonjwa, mizigo na kuchelewa. Kufilisika kwa shirika hakukuwemo. Niliposoma vizuri, walikuwa wameandika wazi kabisa kwamba hakumo.

Halafu, siku kumi na nane kabla ya kurudi, shirika kubwa nalo likapunguza ratiba. Mimi nikasogezwa Ijumaa. Mama akabaki Alhamisi. Zile namba mbili za uhifadhi! Kwa mtambo sisi tulikuwa watu wasiojuana, ukaona kiti kimoja hapa na kimoja kule, ukagawa. Nilisubiri kwenye simu saa mbili na nusu. Kijana aliyepokea alisema abiria akisogezewa safari kiasi kile ana haki ya kuchagua ndege nyingine au kurudishiwa fedha, lakini mama hakusogezwa, kwa hiyo mama hana haki yoyote. Nikamwambia mama ana magoti. Akanyamaza kidogo, kisha akamhamishia Ijumaa bila malipo na kuandika kwenye zote mbili kwamba tunasafiri pamoja. Sijui kama sheria zao zinamruhusu; sikuuliza.

Kukaa pamoja ilishindikana. Mama alipata dirishani, mimi safu kumi na moja nyuma yake, katikati ya wanaume wawili wenye mabega. Tulipotua nilimkuta ananisubiri mlangoni mwa ndege, amechangamka. Safari nzima alikuwa akizungumza na jirani yake, na alikuwa ameshamuuliza alilipa kiasi gani.

"Mama, usiniambie."

Akaniambia.