Mkate wa sufuria: nimepiga hesabu

Leo Jumamosi nimepika mkate tena, na kwa vile jirani ameniuliza mara ya tatu kama kuna faida ama najichosha bure, nimeamua kukaa chini nipige hesabu vizuri. Mkate wa gramu 400 huku Lanet nanunua 70. Pakiti ya unga wa ngano ya kilo mbili nilichukua 180, nikipima gramu 270 kila mara natoa mikate saba, so unga pekee ni kama bob 26. Weka hamira, sukari kidogo, chumvi na mafuta, unafika 40. Hapo unaona bob 30 imebaki, lakini makaa bado.

Makaa ndio inakula pesa. Sina oveni, naweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo inakaa juu ya huo mchanga, nafunika na makaa inapanda juu ya mfuniko, vile shosho alinionyesha kwake Njoro. Ukiwasha jiko kwa sababu ya mkate peke yake unachoma makaa ya bob 50 hivi na hiyo ni hasara, afadhali duka. Kwa hivyo mimi nangoja githeri iive kwanza, ile saa makaa imeshuka imekuwa nyekundu tu haina moto wa kuruka, nachota nyingi naweka juu ya mfuniko, kidogo inabaki chini, ukikosea hapo mkate unaungua kitako na juu bado ni mweupe. Na jiko likae nje hata kama kuna baridi aje, hewa ya makaa imemaliza watu wakiwa usingizini.

Muda nao watu wanauhesabu vibaya. Ni kama masaa matatu ndio, lakini kazi ya mikono yangu ni dakika kumi na tano za kukanda, mwanzo donge linashika vidole unatamani kuongeza unga, usiongeze, kanda tu, litaachia lenyewe liwe laini kama shavu la mtoto. Zingine zote hamira inafanya kazi mimi nafua. Julai na ile baridi yetu lilichukua masaa mawili na nusu kuumuka, Februari saa moja tu.

Kitu sikuwa nimefikiria ni watoto. Mkate wa duka wanakula asubuhi mbili, huu wangu ukitoka na moshi wake unaisha na chai hapo hapo, so ile akiba ya bob 30 hata siioni. Nilimwambia jirani hivyo, kwa pesa usijisumbue, na siku za shule hata mimi sijaribu. Lakini Jumamosi makaa ya githeri ikiwa iko tu hapo, siwezi kuiacha izime bure.

Wiki ijayo nachanganya na unga wa wimbi, shosho amesema isizidi robo.