Kivimbe cha pili

Juzi fundi alikuwa ananipima gauni la sendofu ya mtoto wa dada. Tepu imezunguka kifua, mara mkono wake ukasita upande wa kushoto. "Mama, hapa pana kitu kigumu. Nibane au niache nafasi?" Maskini, kijana wa watu, hajui habari zangu. Nikamwambia aache nafasi. Kile kitu nakijua, kina karatasi zake kwenye faili.

Kilijitokeza mwaka mmoja na ushee baada ya titi kuondolewa kwa saratani. Kemo nilishamaliza, mionzi ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, nilishamaliza, nywele zilikuwa zinarudi na mawimbi ambayo sikuzaliwa nayo. Kila asubuhi nilimeza tamoksifeni yangu ya miligramu 20, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, niliyoambiwa nitakuwa nayo miaka 5, pengine 10. Watu walishanipongeza wakachoka. Basi siku hiyo naoga, kidole kinapita na sabuni juu ya kovu, kikakwama. Ukubwa wa choroko. Kigumu, hakisogei.

Baba Nuru akasema ni uzi wa mshono umebaki. Dada akasema ni hofu yangu tu. Mimi nikavaa nikaenda kliniki, ingawa tarehe kwenye kadi ilikuwa bado mbali. Nesi aliitazama kadi, akanitazama mimi, akasema, "Kaa hapo, mama." Hakuniuliza kwa nini nimewahi. Hadi leo namwombea.

Dokta alinipapasa kwa vidole vilivyolala, anazungusha taratibu: kovu, kwapa, juu ya mtulinga, kisha titi lililobaki. Mgongo unauma? Unakohoa? Umepungua? Nilivyokuwa najibu "hapana, dokta" kwa adabu, ungedhani naomba kazi. Nikamsihi anipime mwili mzima, yale mashine makubwa yote. Akakataa. Mtu asiye na dalili, alisema, vipimo hivyo vya mara kwa mara havimwongezei maisha, vinamwongezea gharama na kukosa usingizi. Inatosha kupapaswa kila kliniki, na mamografia, ile picha ya eksirei, ya titi lililobaki kila mwaka. Ila kivimbe kipya hakiamuliwi kwa vidole. Nenda altrasaundi.

Chumba kile nakikumbuka kuliko hata chumba cha upasuaji. Baridi ya kiyoyozi, ile jeli inamwagwa kifuani mpaka unajikunja. Binti wa kipimo alikuwa anaimba taarabu kwa pua, taratibu, mkono unapitisha kifaa juu ya kovu. Skrini ameielekeza kwake. Mara akanyamaza. Kwenye mashine nikasikia tik, kimya, tik. Anapima. Akarudi palepale: tik, tik.

Nikamtazama mdomo, haukusema kitu. Nikahamia kwenye kalenda ukutani, ya duka la dawa, hakuna aliyekumbuka kufunua mwezi mpya, nikawa nasoma tarehe zilizokwisha kupita, moja moja. Huku kichwani nagawa mali. Cherehani achukue dada. Dhahabu kidogo ya mama ni ya Nuru, lakini asipewe kabla hajaolewa. Ada ya muhula wa pili nani atakumbuka, maana baba yake huwa anangoja mpaka mtoto arudishwe nyumbani? Hapo nikamkasirikia Baba Nuru kabisa, kwa kosa ambalo hajalifanya na mimi sijafa.

"Subiri kidogo, mama," binti akasema, akatoka. Jeli ikaanza kukauka. Aliporudi alikuwa na dokta mtu mzima, wakazungumza Kiingereza kwa sauti ya chini. Kisha yule mzee akaniambia watachukua kinyama kwa sindano nene wakapime. Wakanichoma ganzi. Sindano ikatoa mlio, ta! Ikarudi tena, ta! Binti amenishika mkono, na nadhani bila kujijua akaanza tena kuimba. Nilitaka kumuuliza ni wimbo gani. Nikaona si mahali pake.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Hizo siwasimulii, hata mimi sitaki kuzisikia.

Yalikuwa mafuta yaliyokufa. Baada ya kisu na mionzi, mafuta chini ya ngozi huweza kukosa damu, yakafa, yakakakamaa, na yanaweza kujitokeza hata miaka baadaye. Si saratani. Baba Nuru akanunua mbuzi, mama mkwe akasoma dua, tukala pilau. Wifi akaniambia sasa nishukuru nisahau. Kushukuru nilishukuru. Lile la pili, usiku uleule kidole kilikuwa palepale, kinapima kama choroko imekua.

Dokta aliniambia naweza kuishi nacho, na kwamba nilijue kovu langu lilivyo sasa ili kikija kigeni nikitambue.

"Nikikuta kingine, dokta?"

"Uje."

"Nikikuta kila mwezi?"

"Uje kila mwezi, mama."

Nilitaka aseme hakitakuja. Hakusema, na kwa hilo nadhani namwamini zaidi, ingawa siku ile niliondoka nimenuna.

Basi nimekwenda. Nimekwenda kwa kipele cha joto. Nimekwenda kwa uzi wa mshono, ule wa Baba Nuru, kumbe nao ulikuwepo kweli. Mara moja nilikwenda kwa ubavu wangu mwenyewe, ambao miaka yote titi lilikuwa limeufunika. Dokta aliugusa, akaniambia ni mfupa, wala hakucheka. Nikacheka mimi, kisha nikamuuliza kama ana uhakika.