Muheme Uliotundikwa Juu ya Meko

Nilishuka Mbande asubuhi, nikapanda Noah ya Mpwapwa, na kutoka mjini bodaboda ikanifikisha Gulwe. Ilikuwa Julai. Ugogoni mwezi huo mavuno yamekwisha na pombe ya mtama inapikwa kwa ajili ya jando. Nilifuata muheme, ngoma ambazo wanawake wa Kigogo huzibana mapajani wakazipiga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, ila mwaka huu hatuchezi."

Akanionyesha kihenge. Mtama ulikuwa umefunika sakafu tu. Jando ni wageni, akasema, na mgeni humwiti kuja kulala njaa. Msimu wa juzi mvua zilikatika mtama ukiwa unachanua. Uliofuata, mafuriko yalisomba shamba la bondeni.

Huku mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ukikosa hapo umekosa mwaka mzima. Ikija kwa hasira, maji ya milimani yote hukimbilia mto Kinyasungwe. Reli ya kati inaujua vizuri mto huo: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi.

Nikamuuliza kuhusu Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Alisimuliwa na baba yake. Lakini kinachomuumiza ni cha sasa. Jando likiahirishwa mara mbili, wazazi huwapeleka wavulana zahanati. Siwalaumu, ni salama zaidi. "Kidonda kinapona," alisema, "ila nyimbo nani atawapa?" Zile nyimbo hufundishwa kambini tu, na wanaozijua vizuri ni wazee wa umri wake.

Tamasha la muziki wa Kigogo la Chamwino nalipenda sana, na zeze na marimba husikika pale. Ila kambi ya jando haipandi jukwaani.

Jioni bibi aliniingiza jikoni. Muheme wake ulitundikwa juu ya meko, moshi uufukuzie mchwa. Kando yake palining'inia kibuyu kilichozibwa kwa gunzi.

"Mbegu ya Desemba," aliniambia. "Tumelala njaa hatukuigusa."