Neno moja la mwaka, na kazi lililonifanyisha

Kwa fundi cherehani wa Moshi, tarehe 1 Januari si mwanzo wa kitu. Ni katikati ya msimu. Shule zinafunguliwa Januari, na mzazi aliyekuwa na Desemba yote ya kuleta kitambaa anakuja siku za mwisho na tetroni ya bluu mkononi: mtoto mmoja sketi ya marinda, mwingine kaptula, na wote wanatakiwa darasani Jumatatu. Kabla ya hapo kulikuwa na Krismasi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanajaa mjini, na kila mmoja anataka gauni lake la kitenge kabla hajapanda Kibosho, Marangu au Rombo. Kwa hiyo yale malengo niliyokuwa nikiyaandika usiku wa mkesha wa mwaka mpya (kuamka saa kumi na moja, akiba ya kiasi fulani kila wiki, kutembea jioni, kusoma kitabu kila mwezi) yalikuwa yanatakiwa kuanza katika wiki ambayo hata chakula cha mchana nakula nimesimama. Malengo yenyewe yalikuwa mazuri. Ila lengo la namba likishakatika wiki ya kwanza, moyo haurudi tena kuliunganisha.

Wazo la kuacha orodha na kuchagua neno moja la kuongoza mwaka nililipata kwa mteja wangu, mwalimu wa sekondari. Nilikuwa nampima bega akaniambia, "Fundi, mimi sina malengo mwaka huu. Nina neno, na neno lenyewe ni Sikiliza." Akanieleza linavyomsaidia kwenye kikao cha walimu, kwa mume wake, kwa mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kilichonishika ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo angeweza kukiandika kwenye orodha usiku wa tarehe 31. Orodha inahusu yale uliyoyaona mbele. Neno linakukuta kwenye yale ambayo hukuyaona.

Kuchagua hakukuwa rahisi. Nilianza na maneno mazuri: Amani, Baraka, Ongezeko. Nikayaandika nyuma ya daftari la vipimo nikayaacha humo. Nilipoyarudia niliona yote yana tatizo moja: hayakatai kitu. Ukijiuliza kama jambo fulani lina baraka, karibu kila jambo utalijibu ndiyo. Kanisani kwetu, kama kwenye makanisa mengi, tunapewa neno la mwaka usiku wa mkesha, nami nalipokea kwa moyo wote. Lile ni ahadi. Mimi nilikuwa natafuta agizo la kujipa mwenyewe, la kunizuia mkono pale unapokimbilia kubaya.

Basi nikageuza swali. Nikaacha kujiuliza natamani nini, nikatazama kilichokuwepo. Kwenye kona ya overloki, mashine ya kuzuia kingo zisichanue, palikuwa na kiroba cha nguo zilizokatwa zikaachwa: gauni bila zipu, suruali bila pindo, blauzi ambayo mwenyewe alisema atarudi. Kule Uru nyumbani kulikuwa na chumba cha nje kilichopauliwa, bila lipu wala sakafu. Na kulikuwa na wifi yangu, ambaye tangu mambo ya michango ya msiba tulikuwa tunasalimiana mlangoni mwa kanisa bila kutazamana. Kila nilipogeuka palikuwa na jambo lililoanzwa. Neno langu likawa Maliza.

Nilipomwambia mama, aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Na utachimba nini?"

Akanikumbusha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, yeye akiwa msichana. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vipindi vya redio na vijitabu, na nchi nzima watu wakakaa kwenye vikundi vya kusikiliza, karibu watu milioni mbili. Redio ikizimwa, kikundi kinajadili, kisha kinaamua kazi. Kwao mama kazi ilikuwa kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba na kuchemsha maji ya kunywa. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai, kwa utaratibu uleule. "Maneno matatu tu, mwanangu. Hata bibi yako ambaye hakusoma aliyashika. Lakini tusingechimba, yangebaki redioni."

Nadhani hapo ndipo wengi wanaojaribu hili la neno wanapokwama. Wanaliandika vizuri, wanaliweka kwenye simu, wanalipenda, na Machi limeshageuka pambo. Halikupewa shimo la kuchimba. Mimi nikaamua kila msimu uwe na shimo lake moja, na misimu yangu ni ya kazi yangu, si ya kalenda: baada ya sare za shule, baada ya masika, kabla ya Krismasi. Sikuweka tarehe zaidi ya hapo. Nikachukua kipande cha tetroni ya bluu kilichobaki kwenye sare, nikashona herufi za MALIZA kwa uzi mweupe, zigizaga nzito, nikakipigilia ukutani juu ya mashine, pale macho yanapoinuka ukiwa unatunga uzi kwenye sindano.

Kiroba nilikimwaga mezani wakati wa Kwaresima, kwa kuwa harusi zinapungua na mji unatulia. Mimi na binti ninayemfundisha kazi tukazipanga nguo: za wateja wanaopokea simu, za walioacha advansi wakapotea, na zangu mwenyewe. Lilikuwepo gauni la mama mmoja nililolikata akiwa mjamzito, na mtoto sasa anatembea. Nikalibana kiunoni, nikaweka zipu, nikampigia. Alilichukua na kulipa baki yake. Wengine walikuwa wamehama mji, na nguo zao nikawapa ndugu zao waliokuwa tayari kuzipokea.

Tulipokuwa tunazipanga niliona kitu ambacho miaka yote sikuwa nimekiona. Nguo karibu zote zilikuwa zimekwama mahali pamoja: zipu, matundu ya vifungo, bitana, pindo. Kazi ndogo za mwisho. Na sababu si uvivu wa mtu, ni hela inavyopita. Mteja akileta kitambaa kipya analeta na advansi, na advansi inalipa pango leo. Nguo iliyobakiza pindo inaleta baki siku mwenye nguo atakapokuja, na hujui ni lini. Kwa hiyo mkono wa fundi unakimbilia kukata kipya kila wakati, na kiroba kinajaa. Hakuna lengo la "nitafanya kazi kwa bidii" ambalo lingeliona hilo, maana bidii ilikuwepo tele.

Nikabadili mambo mawili. Advansi ya mtu inanunua zipu, uzi, vifungo na bitana ya nguo yake siku ileile, vinafungwa pamoja na kitambaa chake na kubanwa kwa pini, kisha kinachobaki ndicho changu. Pili, kitambaa kipya hakiguswi na mkasi mpaka nguo iliyo kwenye mashine imefika kwenye henga, imepigwa pasi. Binti alilishika hili kuliko mimi. Nikinyanyua chaki kabla ya wakati anasema taratibu, "Dada, tumalize kwanza." Wapo wateja waliokataa kungoja wakavuka barabara kwa fundi mwingine, na niliwaacha waende. Wengi walibaki, kwa sababu walipoambiwa Ijumaa walikuta nguo Ijumaa.

Kisha likaja ambalo halikuwa kwenye hesabu yoyote. Katikati ya mwaka kwaya moja iliniletea oda ya sare za wote, kwa muda mfupi, hela nzuri. Mwaka mwingine ningekubali kabla hawajamaliza sentensi. Safari hii niliwaomba wanisubiri mpaka kesho yake, nikakaa na daftari nikajiuliza jambo moja tu: nikichukua yote, nini kitabaki nusu? Jibu lilikuwa nguo za mabibi harusi wawili. Nikachukua sehemu ya akina mama wa kwaya, sehemu ya wanaume nikampelekea fundi jirani yangu hapa karibu na soko la Mbuyuni ambaye suruali anazijua kuliko mimi. Kwaya iliimba siku yake imevaa, na wale mabibi harusi walichukua magauni yao kwa wakati. Kwangu huo ndio ushahidi kwamba neno linafanya kazi: lilijibu swali ambalo Januari halikuwepo.

Chumba cha Uru nitakisema kwa kifupi. Masika yalipokatika na barabara ikakauka, saruji na mchanga vikapanda, fundi akapiga lipu, akamwaga sakafu. Fedha niliyokuwa nimeipangia mashine ya pili ilikwenda huko. Mashine ni kuanza, chumba ni kumaliza. Sasa kina mpangaji, kijana wa Chuo Kikuu cha Ushirika.

La wifi lilikuwa gumu kuliko yote, na nililiahirisha mpaka kahawa zimeanza kuiva. Sikutaka kwenda peke yangu wala kwenda na maneno ya jumla. Nilimwomba shemeji yangu mkubwa awepo, tukakaa ukumbini kwa wifi, na kila mmoja akaweka daftari lake la msiba mezani. Tukasoma jina kwa jina. Tukakuta mchango wa ndugu mmoja wa Arusha umeandikwa kwangu na kwake pia, kwa sababu alituma kwa simu kwangu halafu akampigia yeye kumjulisha. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa daftari lake. Wifi alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama nimekula. Tulikula mtori. Mama aliposikia alisema enzi zake angetangulia mtu na jani la sale kuomba suluhu, na kwamba daftari nalo si baya.

Kuna mahali ambapo neno hili sikuliruhusu liingie. Mtoto hamalizwi. Binti yangu akinisimulia ya shuleni jioni, hadithi yake haina haja ya kufika mwisho haraka, na mama akianza habari za zamani, utamu wake uko kwenye kupotea njia. Maliza ni agizo la kazi na deni, na nililiacha kibandani. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakilichukua neno lao wakalitumia kila mahali, wakawachosha walio nyumbani. Anayetaka kujaribu, achague neno ambalo linaweza kumkatalia kitu anachokipenda, amwambie mtu mmoja mwenye ujasiri wa kumkumbusha, na alipatie neno lake kazi ya mikono mapema, kabla halijazoeleka machoni.

Kiroba hakijarudi kwenye kona. Kikoba chetu tulipokivunja Desemba, hela yangu haikwenda kulipa pango lililochelewa, na hilo kwangu ni jipya.

Neno la mwaka huu ni Pumzika. Nililichagua Oktoba, si usiku wa mkesha, ili nipate muda wa kulichimbia. Kazi yake iko kwenye karatasi mlangoni: oda za sare za shule zinapokelewa mpaka tarehe 15 Desemba, na Jumatano mchana kibanda kinafungwa. Wateja wachache wamenuna. Wengine wameanza kuleta vitambaa Novemba. Binti ninayemfundisha ameomba Jumatano mchana mashine moja ibaki wazi kwa ajili yake, anataka kujifunza kukata koti la suti, nami nimempa ufunguo.