Pedi za kufua, na kamba ya kuanikia
Jamani mimi pedi za dukani nimeachana nazo, natumia za kitambaa na sijutii hata kidogo. Ile 2018 serikali ya Tanzania ilivyoondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike tulishangilia sana, madukani bei ikakaa palepale, 2019 kodi ikarudi, sasa unasubiri nini tena?

Kufua ndo watu wanakuogopa ila siyo kazi kihivyo, unaloweka kwenye maji ya baridi, usithubutu ya moto maana damu inashika kwenye kitambaa na doa halitoki tena, alafu unafua na sabuni ya kipande, unasuuza mpaka maji yatoke masafi, unaanika juani. Juani kweli, siyo nyuma ya mlango eti aibu, ikibaki na unyevu utawashwa. Mimi zangu zipo kamba moja na kanga, mashemeji wanapita wanaziona, maisha yanaendelea.

Kinachoniuma ni wadogo zetu wa shule, wanagawiwa hizihizi za kufua, vizuri, ila choo hakina maji wala mlango wa kufunga, hapo mtoto atabadilisha wapi?