Sarafu za Constantine hazitaki siki

Kila anayesikia kuwa nasafisha sarafu za shaba za Kirumi, za zama za kaisari Constantine, hunishauri siki, au ndimu na chumvi. Zitang'aa kweli, ila hazitasomeka tena. Baada ya karne kumi na saba ardhini, uso wa sarafu umegeuka tabaka gumu la kutu na maandishi yamebaki humohumo. Tindikali ikiila kutu, herufi nazo zimekwenda.

Mimi natumia maji ya kuongezea betri, yale matupu. Soma chupa, maana tindikali ya betri huuzwa papo hapo! Nabadilisha maji kila baada ya siku chache, nasugua kwa mswaki laini, udongo mkaidi nauchokoa kwa kijiti cha meno chini ya lenzi. Ni kazi ya wiki, pengine miezi.

Utamu uko kwenye kuzitambua. Kichwa cha kaisari sihangaiki nacho, Constantine na wanawe wanafanana mno. Nageuza. Askari wawili, bendera mbili katikati, maandishi GLORIA EXERCITVS (Kilatini, "utukufu wa jeshi"): hiyo ni ya mwaka 330 hadi 335 BK, gramu 2.5 hivi. Bendera ikiwa moja, ni ya baadaye kidogo, na uzito umeshuka hadi kama gramu 1.5. Dola ilikuwa inabania shaba, na mizani ya sonara inaiumbua. Kisha nasoma chini ya miguu ya askari, penye alama ya karakana iliyoifua sarafu: SMANT ni Antiokia, SMAL Aleksandria, TRP au TRS Trier, Ujerumani ya leo. Wengi hunaswa na CONS. Ikifuatwa na herufi ya Kigiriki, ni Konstantinopoli. Ukiona PCONST au SCONST, ni Arles, Ufaransa ya leo, mji uliokuwa umepewa jina la Constantina.

Pasiposomeka nazima taa, nalaza tochi ya simu mezani imulike ubavuni, naizungusha sarafu taratibu. Herufi ambazo mchana hazipo hujitokeza kwa vivuli vyake.

Ukiona unga wa kijani mpauko, itenge: chumvi za kloridi zimekutana na unyevu na zinaila shaba. Kung'uta unga, loweka kwenye sodiamu seskwikaboneti safi, gramu 50 kwa lita, ukibadilisha kwa wiki kadhaa. Ndiyo, ni ileile iliyomo kwenye magadi, ila magadi ya jikoni yana chumvi, na chumvi ndiyo adui mwenyewe. Suuza, kausha kabisa, na usihifadhi kwenye vifuko vya plastiki ya PVC.