Paneli ya Dari ya Ndege Ninayoiunda Ilemela

Kwa miezi miwili nimekuwa nikitafakari paneli itakayopita katikati ya dari ya RV-10, ndege ndogo ninayoiunda hapa Ilemela, kwa kuwa ndiyo itakayobeba taa, nyaya na matundu ya hewa ya watu wanne. Awali niliipenda ile ya nyuzi za kaboni, ambayo ni nyepesi na ngumu. Lakini kaboni hupitisha umeme na kuzuia mawimbi ya redio, na mimi nilikusudia kuficha antena ndani yake. Faibaglasi, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, haina kikwazo hicho, tena hushikana vizuri na paa la kabini, ambalo nalo ni la faibaglasi.

Jambo lililonisumbua zaidi ni kimo. Nilikata mfano wa kadibodi, nikamwomba kaka yangu, aliye mrefu kunizidi, aketi akiwa amevaa hedifoni, na kichwa chake kikagusa. Nimechagua paneli nyembamba zaidi, ingawa mifereji yake ya hewa ni midogo, na kwa jua la Mwanza hilo si jambo dogo.

Wiki ijayo nitapiga msasa dari, kisha nianze kugundisha.